Pua ya upanga, safarini Benaco

Tulikuwa ndugu watatu, wa tumbo moja, tunakwenda harusini Ngara. Mdogo wetu wa mwisho ndiye mrembo wa nyumba: mrefu, maji ya kunde, pua ya upanga. Huku Unguja sura hiyo inamlipa. Dukani anapunguziwa kanga, kwenye daladala anapishwa kiti, na sisi wawili tumeshazoea kuwa "wale aliokuja nao". Hatulalamiki, maana punguzo la kanga tunalila pamoja.

Benaco, pale malori ya Rwanda yanapopumzika kabla ya Rusumo, basi likasimamishwa. Mkaguzi akatupita sisi bila hata kututazama, akasimama kwa mdogo wetu. Kitambulisho akakigeuzageuza, kisha akamtaka ashuke.

"Huyo mdogo wetu, baba mmoja mama mmoja," tukasema.

"Mbona hamfanani?"

Swali hilo tumelisikia tangu utotoni, likiwa sifa kwake na kijembe kwetu. Siku ile lilitutia baridi. Na tukiri: kabla ya baridi, sisi wawili tulishukuru kuwa na sura zisizotazamwa. Astaghfirullah.

Alirudi baada ya nusu saa, hasemi. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi dirishani akatwambia hata wenyeji wa huko hukutwa na hayo.

Tukakumbuka tuliyoyasoma. Wakoloni waliwapima Wanyarwanda pua na kimo, wakawaita warefu wenye pua nyembamba bora kuliko wenzao. Miaka ya 1930 Wabelgiji wakayaandika makabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 pua ile ile iliyosifiwa ikawa sababu ya kuuawa vizuizini, wengine hata kama karatasi zao zilisema ni Wahutu. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, na Benaco ikageuka mji wa maturubali. Mwaka 2013 mkoa huu wa Kagera ukapitiwa na Operesheni Kimbunga, ya kuwaondoa wasio na vibali.

Harusini kila shangazi alimshika kidevu: "Mashaallah, uzuri huu!" Yeye akatabasamu kidogo tu.

Wakati wa kurudi aliomba akae katikati yetu. Tulipokaribia Benaco alishusha mtandio hadi puani, kitambulisho keshakitoa, amekishika kwa mikono miwili.