Nilikuwa Nimeshaaga

Tarehe 30 Novemba 2021 Japani ilifunga mipaka yake kwa wageni wapya kwa hofu ya kirusi cha Omikroni. Habari hiyo ilinikuta Masasi nikiwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, nimeshakabidhi madaftari ya maksi na funguo za nyumba ya shule, na mwalimu wa kushika vipindi vyangu ameshapatikana. Wenzangu walikuwa wameshanifanyia hafla ya kuniaga. Siku chache baadaye nilipanda gari la Newala na sanduku jipya walilonizawadia, nikarudi kwa mama, mtu mzima mwenye shahada, sina mshahara wala tarehe ya safari.

Vijana wa kwetu huniomba niwaeleze namna ya kwenda kufundisha Japani, na wengi hutaka kusikia habari za viza na nauli. Nitazisema. Lakini ugumu wenyewe haukuwa huko. Ulikuwa katika ile miezi ya kusubiri, na ninamshukuru Mungu kwa watu aliowaweka karibu nami, maana peke yangu nisingevuka.

Kwanza nilitafuta kazi ya kufundisha Kiingereza, kwa sababu ndiyo inayotangazwa zaidi. Japani ina kampuni nyingi zinazoajiri walimu wa lugha kutoka nje, na mpango wa serikali yao wa kuwaleta walimu wasaidizi, JET, upo tangu 1987. Nilikuwa na shahada ya ualimu na nilikuwa nafundisha Kiingereza na Kiswahili sekondari, nikajiona natosha. Kampuni baada ya kampuni nikakutana na sharti lilelile: mwombaji awe amesomeshwa kwa Kiingereza miaka isiyopungua 12. Hesabu yangu iliishia 9: minne ya kidato cha kwanza hadi cha nne, miwili ya cha tano na cha sita, mitatu ya chuo kikuu. Miaka saba ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, katika shule ya kijiji ambako wengi tuliingia darasa la kwanza tukijua Kimakonde tu. Pengo la namna hiyo halina cheti cha kulijaza, wala huwezi kwenda kuanza darasa la kwanza upya.

Miaka hiyo saba ilinitia uchungu. Pale mjini Masasi nilikuwa nikiwaona watoto wa shule za mchepuo wa Kiingereza wakishuka kwenye mabasi yao ya njano, na moyoni nikasema hawa wameshapita mahali mimi nilipokwamia.

Rafiki yangu wa chuo ndiye aliyenigeuza shingo. Aliniuliza kwa nini nawauzia Wajapani Kiingereza ilhali wapo wanaotafuta Kiswahili. Ni kweli, na nilikuwa nalijua jambo hilo bila kulitia maanani. Redio ya NHK inatangaza kwa Kiswahili kutoka Tokyo tangu 1964. Chuo Kikuu cha Osaka kinafundisha Kiswahili kama somo la shahada. Vijana wa Kijapani wa kujitolea, ambao sasa huletwa na shirika la JICA, wamekuwa wakija Tanzania tangu miaka ya 1960, na kabla ya kupanda ndege hufundishwa lugha kwanza. Nikaenda kuhudhuria mafunzo ya BAKITA ya kufundisha Kiswahili kwa wageni, nikapata cheti. Huko nilijifunza kwamba kumfundisha mtoto wa Newala upatanisho wa kisarufi na kumfundisha mtu aliyekua hajawahi kusikia ngeli ni kazi mbili tofauti kabisa.

Na hapa niseme jambo ambalo watu wa Masasi wengi hawalitilii maanani. Askofu Edward Steere, aliyekuja na watu waliokombolewa kutoka utumwani wakaanzisha makazi ya misheni Masasi mwaka 1876, ndiye aliyekuwa ameandika, mwaka 1870, kitabu cha kuwafundisha wageni Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Watu wale walikuwa wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, wengi wakiwa ndio kwanza wanarudi karibu na walikotolewa kwa nguvu. Kila nilipopita Mtandi, palepale Masasi, kuelekea ibada niliwawaza. Kumfundisha mgeni lugha hii ni kazi ya zamani sana katika mji ule, na mimi nilikuwa naiona ngeni.

Shule ndogo ya lugha mjini Nagoya ikanijibu. Hawakuuliza miaka ya Kiingereza. Waliuliza shahada yangu ni ya nini, nimefundisha kwa muda gani, na kama nilisomeshwa kwa Kiswahili tangu utoto. Usaili ulifanyika kwa video saa nne asubuhi ya kwao, ambayo kwetu ni saa kumi alfajiri, kwa kuwa wametutangulia kwa saa sita. Mkuu wa shule niliyokuwa nafundisha alinifungulia ofisi yake usiku ule, akakaa nje kwenye benchi na koti lake mpaka nilipomaliza.

Wanaotaka njia hii wajue mpangilio wake. Mwajiri ndiye anayeanza: anakuombea kwenye idara ya uhamiaji ya Japani cheti cha kustahili ukaazi, wanachunguza shahada yako na mkataba, kisha cheti kinatumwa kwako na kwa kawaida kina uhai wa miezi mitatu. Ukiwa nacho ndipo unakwenda kwenye ubalozi wao Dar es Salaam kuomba viza. Kabla ya hapo lazima uwe na pasipoti, shilingi 150,000, na pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa vikubaliane. Vyangu havikukubaliana. Jina la babu lilikuwa limeandikwa kwa herufi moja huku na herufi nyingine kule, na cheti cha kidato cha nne kina namna yake ya tatu. Kwetu hili ni jambo la kila nyumba, kwa sababu majina ya Kimakonde yaliandikwa na kila karani kwa namna alivyoyasikia. Nilikula kiapo mbele ya wakili, nikasahihisha karatasi moja baada ya nyingine, na safari za Mtwara na Dar es Salaam zikaila akiba yangu yote.

Ndipo akaja mtu wa kangomba, mnunuzi wa korosho nje ya minada. Ilikuwa Septemba, mikorosho imeshapigwa salfa na korosho changa zimeanza kuonekana, wakati ambao nyumba nyingi za Newala hazina kitu. Alimwambia mama atampa fedha taslimu siku ileile, kwa ahadi ya magunia msimu ukifika, kwa bei ambayo mtu mwenye shibe hawezi kuikubali. Mama alijua nina shida. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kushawishika. Akamjibu: "Mwanangu hii mikorosho baba yake aliipanda ili asome, na amesoma. Haijapandwa nikuuzie wewe ingali maua." Korosho zile zikasubiri minada, zikapelekwa ghalani kama za wengine, na fedha zake zikalipa deni la wakili na kubakisha chakula cha nyumba. Nauli nikaiombea mkopo kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa wetu, ambako mama alikuwa mwanachama. Walikubali kunishikia fungu hilo mpaka viza itoke, jambo ambalo vikoba vingi havifanyi, kwa sababu fedha iliyokaa haizai.

Ilibaki ruhusa ya mjomba. Kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na jambo kubwa kama hili haliendi bila kaka yake mama kusema neno. Nilimkuta amekaa uani kwake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Nimesikia unakwenda kwenye nchi inayotetemeka."

Nikamwambia ni kweli, kuna matetemeko, na nyumba zao zimejengwa kwa kuyajua. Akauliza nani atamtazama mama. Akauliza kama kuna kanisa. Akauliza nikifa nitazikwa wapi, na swali hilo sikuwa na jibu lake. Mwisho nikamweleza alichonisimulia mkuu wa ile shule ya Nagoya: kwamba katika mji wa Ise, mkoa wa jirani na wao, kuna jumba la makumbusho la sanaa ya Kimakonde, limejaa vinyago vya mpingo. Mjomba ana wenzake wa rika walioshuka Dar es Salaam kuchonga tangu ujana. Alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe ndugu zetu walishatangulia. Basi nenda."

Cheti cha ukaazi kikafika Oktoba, na Novemba Japani ikaanza kuwapokea wafanyakazi wapya. Nikaandika barua ya kuacha kazi. Yaliyofuata mwisho wa mwezi nimeshayasema.

Sasa nisimulie kusubiri. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda, na ukisimama Shimo la Mungu unaliona bonde la Ruvuma lote limelala chini hadi Msumbiji. Maji nayo yako chini. Mchanga wa huku juu unayameza yakinyesha, kwa hiyo ama yapandishwe kwa mashine ama mtu ayafuate bondeni na kuyapandisha kwa kichwa. Bomba likikauka nilishuka na ndoo pamoja na wasichana niliowahi kuwafundisha. Mmoja aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwalimu, Japani ndiyo imeghairi?" Sikujua nimjibu nini. Mtaani nilishaitwa Mjapani, na jina hilo halikunichekesha hata siku moja. Wapo waliosema nimetapeliwa. Wapo waliokuja kumpa mama pole kana kwamba kuna msiba.

Mama hakuniuliza hata mara moja nitaondoka lini. Asubuhi alikuwa akinionyesha shamba la mihogo na mbaazi linalotaka palizi, jioni akiniachia taa na kibaraza nijifunze hiragana. Herufi zile 46 nilizichora kwenye madaftari ya zamani ya wanafunzi, na nikagundua kwamba irabu za Kijapani ni zetu zilezile tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Nilisoma kwa sauti, watoto wa jirani wakinifuatisha. Wanafunzi wa kurudia mtihani nao wakaanza kuja, wazazi wao wakinilipa kwa mihogo na kunde. Hilo liliniokoa kuliko ninavyoweza kueleza. Mwalimu asiye na darasa huanza kujitilia shaka hata mambo anayoyajua.

Uhai wa cheti changu ulikuwa unakatika Januari. Nililia usiku mmoja niliposoma tarehe ile. Lakini serikali ya Japani ilikuwa inarefusha muda wa vyeti hivyo kwa sababu ya ugonjwa, mradi mwajiri athibitishe kwamba bado anakuhitaji, na mkuu wangu alithibitisha. Hakuwa na wajibu wa kufanya hivyo. Aliniandikia kila mwezi, hata mwezi ambao hakuwa na jipya la kusema.

Tarehe 1 Machi 2022 mipaka ikafunguliwa tena kwa wafanyakazi na wanafunzi. Mwajiri akaniandikisha kwenye mfumo wao wa afya, mimi nikapanda basi la Dar es Salaam, na viza ikatoka. Kipimo cha virusi kilitakiwa kisizidi saa 72 kabla ya kuondoka. Kikoba kilinikabidhi nauli kama walivyoahidi. Koti la baridi mama alikuwa ameshaninunulia kwenye mitumba, kubwa kunizidi, akaniambia nitavaa sweta ndani.

Mkopo niliumaliza kabla ya msimu uliofuata wa korosho. Nilipotuma riba, mwenyekiti wa kikoba alinijibu kwa ujumbe wa sauti kwamba wameipokea na wameshaipangia kazi: kuna binti muuguzi wa Newala anatafuta nafasi Muscat, na fungu hilo linamsubiri yeye. Binti mwenyewe alinipigia wiki hiyo kuuliza aanzie wapi. Nikamwambia atandike vyeti vyake vyote mezani, alinganishe jina la babu herufi kwa herufi, na asiandike barua ya kuacha kazi mpaka viza iwe imegongwa ndani ya pasipoti.