Tulikaribishwa Kama Wageni, Tukabaki Kama Wenyeji

Tuliponunua nyumba kusini mwa Minneapolis, Marekani, majirani walitupokea vizuri mno. Mmoja alileta keki, mwingine akatuazima koleo la theluji. Mbele ya nyumba nyingi mtaani palisimamishwa vibao vilivyosema kwamba watu wote wanakaribishwa. Nilimpigia mama simu Nakuru nikamwambia, "Mama, tumepata watu."

Msimu wa baridi ulipoingia, nilirudi kutoka zamu ya hospitali nikamkuta mwanangu wa miaka 14 mbele ya gereji yetu, mikono juu ya boneti ya gari la polisi. Mkoba wake ulikuwa umemwagwa kwenye theluji: madaftari, raba, na kopo la pilau nililomfungia asubuhi. Kosa lake lilikuwa kuzunguka nyuma ya nyumba kutafuta ufunguo wa akiba. Polisi hawakumwachia mpaka waliposoma anwani kwenye leseni yangu ya udereva. Aliyewaita ni yule jirani wa keki, ambaye wiki hiyohiyo mwanangu alikuwa amemwondolea theluji mlangoni.

Usiku mtoto aliniuliza, "Mama, kwani hapa si kwetu?" Nilikosa jibu. Mume wangu akataka tuuze nyumba.

Aliyetushika mkono ni bibi mmoja Mmarekani Mweusi tunayesali naye. Alitupeleka hadi nyumba ya Arthur na Edith Lee, Columbus Avenue. Mwaka 1931 maelfu ya Wazungu waliizingira nyumba hiyo kumfukuza Lee, mfanyakazi wa posta aliyekuwa amepigana Vita Kuu ya Kwanza. Mwanasheria Mweusi, Lena Olive Smith, alisimama nao, nao wakakataa kuhama kwa vitisho. Kisha bibi akatuambia tusome hati za zamani za nyumba yetu. Tulikuta sharti kwamba isiuzwe kwa mtu Mweusi. Masharti ya namna hiyo yalianza kuandikwa mjini humo mwaka 1910, na sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ikapiga marufuku ubaguzi katika makazi. Nilielewa kwamba shaka iliyomwangukia mwanangu ilikuwa mtaani kabla yetu. Aibu ikanitoka.

Tulikwenda kwa jirani, sisi watatu. Alilia. Nilimwambia, "Sikuja kutafuta machozi. Siku nyingine piga hodi kwangu kabla ya kupiga simu." Nikayasema hayohayo kwenye mkutano wa mtaa. Wapo walionung'unika kwamba naharibu amani, na baadhi yao hawanisalimii tena. Wengine walisimama upande wetu, wakaanza kupekua hati zao. Kwa kutumia sheria ya Minnesota ya mwaka 2019, tuliwasilisha tamko la kulikana sharti lile, mwanangu akiwa kando yetu.

Sitadanganya kwamba yameisha. Mwanangu bado huvua kofia ya koti akipita gari la polisi, hata kwenye baridi kali. Lakini anaota kuwa wakili, na haulizi tena kama hapa ni kwetu. Namshukuru Mungu.

Ndugu yangu uliye ughaibuni, usinyamaze kwa kuogopa kuonekana huna shukrani. Anayekukaribisha kwa dhati atakubali pia kuambiwa alipokukosea. Asiyekubali alikuwa anakaribisha mgeni tu, nawe umelipia nyumba yako, umezika jasho lako pale. Wewe ni mwenyeji.