Madawati Yaliyokatwa Miguu

Januari 1997 mwalimu mkuu aliniita ofisini, akanisogezea karatasi ya ikama, akaendelea kuchonga penseli kwa wembe. Nilitafuta jina langu kwenye Hisabati ya darasa la saba, halikuwapo. Lilikuwa mstari wa mwisho kabisa: vidudu, yaani darasa la awali.

"Nimekukosea nini, Mkuu?"

"Hujanikosea. Jumatatu watakuja wengi. Kaa nao."

Shule yetu ilikuwa Muheza, kwenye michungwa, na kila mwalimu alijua vidudu hupewa nani: anayesubiri kustaafu, mgonjwa, au aliyegombana na mkuu. Mimi nilikuwa mwanamume wa miaka 31, Daraja la IIIA. Mwaka uliotangulia wanafunzi wangu watatu walichaguliwa kwenda sekondari, na zama zile, sekondari zikiwa za kuhesabika, hilo lilitosha watu wakuite sokoni wakupe chungwa la bure. Mke wangu alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Yaani utapiga makofi na kuimba, kwa mshahara uleule?"

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilikuwa imeshaagiza kila shule ya msingi iwe na darasa la awali, la watoto wa miaka 5 na 6. Kwetu agizo lilifika peke yake: halikuja na chumba, wala mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Kuna shule zilizotekeleza kwa kufungua rejesta tu. Mkuu wetu alitoa majembe stoo ili iwe darasa, akayahamishia ofisini kwake, na tangu hapo ukimfuata kutiwa saini andalio la somo ulikuwa unaruka mipini.

Siku ya kwanza niliandika a, e, i, o, u ubaoni, nikawasomesha kwa sauti ile ya darasa la saba. Mtoto mmoja wa kike, kanga ya mama yake ikiwa bado shingoni, alijikojolea amesimama. Nikapaza sauti zaidi. Mkuu aliingia, hakunitazama, akamshika mkono wakatoka. Nikawaona dirishani: yeye amechuchumaa na kopo la maji, mtoto anamwonyesha kidonda gotini, na wanazungumza kwa kirefu kama majirani. Walirudi, akakaa mkekani katikati yao na suruali yake ya kazi. "Endelea, Mwalimu," akasema. Sikuwa na la kuendelea nalo. Alitoa mfukoni vizibo vya soda, akaanza kuvipanga, na watoto wakamsogelea.

Kila Jumatano alikuja hivyo. Alikuwa hajui kuimba hata kidogo, aliimba tu.

Madawati ndiyo yaliyomletea shida. Tulikuwa na kumi ya darasa la tano, mtoto akikaa unaona nywele tu. Jumamosi moja nilimkuta chini ya mwembe ameazima msumeno, anakata miguu. Nilishika upande wa pili. Tulikata mpaka saa nane mchana, na vipande arobaini vilivyobaki tukavisugua kwa msasa, vikawa magari, nyumba, na hesabu za kujumlisha. Mjumbe mmoja wa kamati ya shule akasema huo ni uharibifu wa mali ya umma. Ofisi ya juu ikaandika barua ya onyo. Mkuu aliisoma mbele yetu, akaikunja, akaitia kwenye jalada, akauliza nani bado hajaleta kibaba cha unga wa uji wa watoto. Wazazi waliokuwa wakileta hawakuzidi nusu. Pengo alikuwa akiliziba mwenyewe, na hilo nililijua kwa mwenye duka.

Nilimuuliza mwaka wa pili kwa nini mimi. Alinipa daftari la kijana wa darasa la sita aliyekuwa ananakili ubao wote kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na hawezi kusoma alichoandika. "Wewe ulikuwa unawapokea hawa wakiwa wamekwisha kuharibika," akasema, "halafu unawachapa." Nilikasirika siku mbili nzima, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Alistaafu mwaka 2000. Januari 2002, ada ikiwa imekwisha kufutwa, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza, na darasa la kwanza likafurika mpaka kwenye madirisha. Mkuu mpya alihitaji chumba. Simlaumu sana, watoto walikuwa mlangoni, na stoo yetu ndiyo iliyokuwa karibu. Vidudu wakaenda chini ya mwembe, mimi nikarudishiwa Hisabati, na wenzangu wakanipongeza kama niliyetoka kifungoni.

Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza na darasa la awali likiwa ndani yake, nilipita pale kumwandikisha mjukuu. Madawati yetu bado yapo, darasa la nne. Fundi aliyaunga miguu kwa mti mwingine, mweusi zaidi, na kiungo unakiona toka mlangoni.