"Ndiyo" Kwanza, "Lakini" Baadaye

Hebu jiulize, msomaji. Mwenzako akikuletea jambo, neno lako la kwanza huwa lipi? Kwa wengi wetu ni "lakini". "Nimechoka na kazi hii." "Lakini si unalipwa?" Basi, maongezi yanafia hapo hapo, kila mtu anachukua simu yake.

Dawa ya ugonjwa huu niliipata mahali ambapo sikutegemea kabisa: kwenye ukumbi wa vichekesho. Nilikuwa nasoma Chicago, Marekani, rafiki yangu akanipeleka The Second City, mtaa wa Wells. Onyesho lilipokwisha, waigizaji walirudi jukwaani bila skripti, wakaomba neno moja tu kwa watazamaji, wakaanza kuigiza papo kwa papo. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Ila kilichonishangaza zaidi ni kwamba hakuna aliyemkatalia mwenzake. Mmoja akisema, "Daktari, mguu wangu umeota majani," mwenzake hasemi, "Mimi si daktari." Anauliza, "Unaumwagilia mara ngapi kwa siku?"

Tangu siku hiyo nikawa nafuatilia watu hawa walitoka wapi. Kumbe mbegu ilipandwa na mwanamama Viola Spolin, aliyebuni michezo kwa ajili ya watoto wa Chicago, wengi wao wa familia za wahamiaji. Mmoja ni mchezo wa kioo: wawili mnatazamana, mmoja anafuata kila anachofanya mwenzake, mpaka haijulikani nani anaongoza. Mwanawe, Paul Sills, aliipeleka michezo hiyo kwenye kundi la Compass mwaka 1955, na Desemba 1959 akawa mmoja wa waanzilishi wa The Second City. Hata jina lenyewe lilikuwa kejeli. Mwandishi wa jarida la The New Yorker aliwahi kuidharau Chicago kuwa ni mji wa pili tu. Wao wakaichukua dharau hiyo, wakaibandika mlangoni!

Ninachokipenda zaidi kilitokea St. Louis mwaka 1957, kwenye tawi la Compass. Elaine May na Theodore Flicker walikuwa wakichambua maonyesho yao jikoni, wakatoka na kanuni zinazoitwa za jikoni mpaka leo. Ya kwanza: usiukane ukweli aliouleta mwenzako.

Kanuni hiyo imeniokoa. Mwaka juzi mume wangu alihamishiwa Mwanza kikazi. Mimi kazi yangu iko Dar, na binti yetu alikuwa ndiyo kwanza kaanza shule. Kila nikimwambia naogopa kubaki peke yangu, ananijibu, "Acha hizo, mbona wengi wanaishi hivyo?" Wiki tatu nzima tukawa tunaongelea bili na mboga tu. Siku moja nikamwita jikoni, nikamweleza habari za St. Louis. Tukakubaliana: usiku huo hakuna "lakini". Nikamwambia, "Naogopa." Alinyamaza kidogo, akasema, "Ndiyo, unaogopa. Na mimi naogopa mtoto atanizoea kama mgeni."

Jamani! Wiki tatu zote hakuwahi kulisema hilo. Alienda Mwanza, na bado yuko huko. Nauli zinatuumiza, na kuna wikiendi hatuonani. Ila sasa kila mmoja anajua mwenzake amebeba nini.

Lakini tusidanganyane. "Ndiyo" siyo kumeza kila kitu. Mwaka 2020 wasanii weusi waliopitia The Second City walijitokeza hadharani kueleza ubaguzi waliofanyiwa humo, na bosi wake, Andrew Alexander, akajiuzulu, akikiri kwamba alishindwa kuuzuia. Nyumba iliyofundisha dunia kusikilizana haikuwa imewasikia watu wake yenyewe. Kwa hiyo hata kwenye ndoa, "ndiyo" maana yake "nimekusikia, na ulichosema ni kweli kwako". Kukubali au kukataa kunakuja baadaye, na kukataa bado ni haki yako. Mwenzako akikuumiza, huhitaji kuigiza naye.

Leo usiku mkishakula, zimeni TV. Mmoja aseme jambo moja analoliogopa. Mwingine aanze na "ndiyo", halafu aongeze la kwake. Dakika kumi zinatosha. Mtashangaa mliyokuwa hamjaambiana.