Vidonge vya bibi na "daktari" wa WhatsApp

Nipo Kwai, Lushoto. Karoti na kabichi zipo za kumwaga, ila nimekuta bibi kaacha vidonge vya presha. Kisa? Sauti ya WhatsApp: "daktari" asiyetaja jina wala hospitali anasema dawa hizo zinaua figo, nunua mchanganyiko wake wa kitunguu saumu. Jamani! Presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu figo, tena mara nyingi bila dalili yoyote.

Mimi habari za afya ya wazee nazichuja kama za siasa: nani kasema, na anauza nini? Shirika la Afya Duniani likisema chumvi isifike gramu 5 kwa siku (kama kijiko kimoja cha chai, na ya kwenye mboga imo humo) halikuuzii kitu.

Bibi hakuniamini, mjukuu ni mjukuu tu. Alimwamini nesi wa zahanati, aliyempima na kumsomea namba zake. Vidonge karudia.

Halafu Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilishasema mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo atibiwe bure. Hiyo mbona hakuna anayeisambaza?