Baridi Itokayo Chini

Walimu wenzangu, neno machela nimelifundisha miaka mingi kwa maana moja tu, yaani kitanda cha kuchukulia mgonjwa. Hapa kwetu Kigezi, kusini-magharibi mwa Uganda, neno hilo haliwapi wanafunzi taabu, maana wamesikia jinsi wazee walivyobebwa mabegani kwa engozi, kitanda cha fito zilizosukwa, mpaka zahanatini. Maana ya pili, kitanda cha kitambaa kinachotundikwa baina ya miti miwili, niliitaja kwa haraka na kupita. Maana hiyo ndiyo iliyonifedhehesha mwezi wa Julai 2018.

Tulikwenda kupiga kambi kando ya Ziwa Bunyonyi, mahali palipo karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Mahema hayakututosha, basi mimi na mvulana mmoja wa chama chetu cha Kiswahili tukatundika machela katika mikaratusi. Kila mmoja alikuwa na mablanketi mawili, nami niliagiza yote mawili yawe juu. Nilijiona mwangalifu sana.

Yapata saa nane za usiku niliamka kifua kina joto, lakini mgongo umekufa ganzi kana kwamba nimelazwa juu ya jiwe la mtoni. Nikamwita kijana. Alijibu kwa maneno mazito yaliyogongana mdomoni, naye ndiye aliyekuwa msemaji hodari kuliko wote darasani. Nilishikwa na hofu ambayo hata leo sipendi kuikumbuka. Tulimshusha, tukamvika nguo kavu, tukamweka karibu na moto na kumnywesha chai yenye sukari nyingi, kidogo kidogo, mpaka ulimi ukamrudia.

Mzee aliyekuwa mlinzi wa mahali pale alipitisha kiganja chini ya machela. "Mwalimu," akasema, "umemfunika juu, chini umemwacha uchi."

Ndivyo ilivyokuwa. Alalaye chini huibiwa joto na ardhi. Alalaye katika machela huibiwa na upepo upitao chini yake usiku kucha. Hata kulilalia blanketi hakufai sana, kwa kuwa uzito wa mwili huligandamiza na kuitoa hewa iliyomo, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo hasa izuiayo baridi. Mzee alitandika ndani mkeka mnene wa mafunjo, mmea ambao moyo wake umejaa hewa kama sifongo. Kisha akalifunga blanketi moja kwa nje, pembe zake kwa kamba za katani, likaning'inia chini ya machela, karibu nayo lakini bila kubanwa. Turubai tuliliteremsha upande wa upepo. Kijana alilala mpaka jua likachomoza. Mimi sikulala.

Juma lililofuata nilikwenda kumweleza baba yake yote. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza swali moja tu:

"Na wewe mwenyewe, Mwalimu, ulilala vivyo hivyo?"

Nikamjibu kwamba ndiyo.