Kaangeni Samaki Kwanza

Mpwa wangu mpendwa,

Nimesoma katika barua yako kwamba upimaji wa nadharia tete umekulemea hapo chuoni Maseno, na kinachokutia wasiwasi zaidi ni kwamba ukihitimu huenda ukatakiwa kuufundisha. Shauri langu ni usianze na fomula. Anza na jaribio ambalo darasa zima litalifanya kwa mikono, kwa sababu kiini cha somo hili hakimo kwenye hesabu. Kiini chake ni kuutengeneza ulimwengu ambamo jambo unalolidai halipo kabisa, kisha kuuliza kama ulimwengu huo nao ungeweza kuzaa matokeo uliyoyapata. Mwanafunzi ambaye hajawahi kuutengeneza atakariri kizingiti cha asilimia 5 na kukibandika kila mahali bila kujua kinapima nini.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Wako watu wengi hapa mjini Kisumu wanaoshikilia kwamba wanaweza kumtambua kwa ulimi ngege aliyevuliwa ziwani na yule anayeletwa kutoka Uchina akiwa amegandishwa. Hilo ni dai zito, maana linagusa riziki ya wavuvi na ya akina mama wanaouza samaki, basi lipimeni. Chukueni samaki wanane, wanne wa ziwani na wanne wa Uchina, wenye ukubwa unaokaribiana. Kateni kipande kimoja cha mgongoni kwa kila samaki, mkaange kwa mafuta yale yale, chumvi ile ile, muda ule ule. Usimruhusu mtu akate vipande vinne kutoka kwa samaki mmoja ati mwokoe pesa. Vipande vinne vya samaki mmoja ni ushahidi wa samaki mmoja tu, na ikiwa huyo alilala sokoni tangu juzi, mtakuwa mmepima kuchacha kwake, si alikotoka. Mpangilio wa sahani uamuliwe kwa kura, na anayezipeleka mezani asijue kipi ni kipi. Mwonjaji aambiwe jambo moja tu, kwamba wa ziwani ni wanne. Kazi yake ni kuwachagua.

Wakati huo wenzake ambao hawajaonja chochote waandike namba za sahani, 1 hadi 8, kwenye vikaratasi, wavitie koponi, na kila mmoja achomoe vinne bila kuangalia. Kopo hilo ndilo ulimwengu usio na ulimi. Wanafunzi 40 wakirudia mara tano kila mmoja, mtakuwa na majaribio 200 ya kubahatisha, na mtajionea kwamba kuwapata wote wanne hutokea, ila kwa nadra: njia za kuchagua wanne kati ya wanane ni 70, na iliyo sahihi ni moja. Kuwapata watatu ni habari nyingine kabisa. Njia za kupata watatu na kukosa mmoja ni 16, kwa hiyo watatu au zaidi ni njia 17 kati ya 70, karibu robo. Yaani mwonjaji aliyewapata watatu, ambaye darasa lingempigia makofi, amefanya jambo ambalo kopo la vikaratasi hulifanya karibu mara moja katika kila nne. Sijui mhadhara unaoweza kulitia hilo moyoni mwa mtu kama anavyolipata akiwa ameshika vikaratasi mwenyewe. Ronald Fisher alipolieleza jaribio la namna hii katika kitabu chake cha mwaka wa 1935 alitumia vikombe vinane vya chai. Hesabu zake ndizo hizi hizi.

Utaulizwa, na ni swali la haki: je, mtu mwenye ulimi hodari kweli aanguke kwa kosa moja? Hapo usiitetee kanuni, litazame jaribio. Vipande vinane ni vichache mno kumvumilia hodari anayekosea mara moja. Ongezeni viwe 12, sita kwa sita, na njia za kuchagua zinakuwa 924. Anayekosa mmoja au asiyekosa kabisa yumo katika njia 37 kati ya hizo, asilimia 4 hivi, chini ya kile kizingiti cha asilimia 5. Sasa kosa moja linasameheka. Ndiyo maana yule aliyeshindwa kwenye vipande vinane hatusemi imethibitika kwamba hawezi. Tunasema jaribio letu halikuweza kumtenga na kopo. Ukiwafundisha wanafunzi tofauti ya kauli hizo mbili na wakaishika, umewapa nusu ya somo.

Wapo watakaosema kwamba kuonja samaki ni mchezo na sayansi ni kitu kingine. Wajibu kwa jambo lililofanyika papa hapa Kisumu. Tangu miaka ya 1980 watafiti walikuwa wameona kwamba sehemu za Afrika ambako wanaume hutahiriwa zilielekea kuwa na maambukizi machache zaidi ya virusi vya UKIMWI. Lakini anayetahiriwa mara nyingi hutofautiana na asiyetahiriwa kwa dini, kwa ulevi, kwa desturi za ndoa, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni lipi lililofanya kazi. Ilibidi kura ipigwe. Mwaka wa 2002 walianza kuandikishwa vijana wa miaka 18 hadi 24 ambao hawakuwa na virusi na walikuwa tayari kutahiriwa, jumla yao 2,784. Kura ikawaweka 1,391 upande wa kutahiriwa mara moja na 1,393 upande wa kungoja. Desemba 2006 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati: walioambukizwa walikuwa 22 upande wa kwanza na 47 upande wa pili.

Rudi sasa darasani. Kama tohara haibadilishi chochote, kila mmoja wa hao 69 angeweza kuangukia upande wowote, na pande zinakaribia kulingana. Rusheni sarafu 69, hesabuni vichwa, rudieni hadi mchoke. Vichwa 22 au pungufu hutokea kama mara 2 tu katika marusho 1,000 ya sarafu zote 69. Hicho ndicho kilichowafanya wasimamizi waone kwamba bahati haitoshi kuwa maelezo. Na wanaolalamika kwamba ni ukatili kupiga kura juu ya miili ya watu wakumbuke kwamba kabla ya hapo hakuna aliyejua, na kwamba ushahidi ulipokuwa wa kutosha, walioachwa wakingoja nao walipewa nafasi ya kutahiriwa. Majaribio ya Orange Farm, Afrika Kusini, na Rakai, Uganda, yalielekea upande huo huo, na mwaka wa 2008 Kenya ikaanzisha mpango wa tohara ya hiari. Lakini waonyeshe wanafunzi pia kile ambacho sarafu hazisemi. Katika miaka miwili waliambukizwa kama 2 katika kila 100 waliotahiriwa, na kama 4 kwa wasiotahiriwa. Ni kinga ya nusu. Anayesikia kwamba tofauti imethibitishwa akaacha kondomu amesikia vibaya, na mwalimu wake anahusika.

Kuhusu lalamiko la muda, kwamba silabasi ni ndefu, vipindi viwili vinatosha, na fomula utakazozitoa baadaye zitapita haraka kwa sababu watakuwa wanajua zinatafuta nini. Ila kabla mafuta hayajapata moto, andikeni ubaoni ni matokeo gani mtakayoyakubali kuwa ushahidi, na asifute mtu. Kisha nitumie karatasi za waonjaji wote, hata wale walioshindwa.

Mjomba wako,
Kisumu